Buti za Wageni

Damu ilimtoka Shangazi akiwa amesimama kwenye maji hadi magotini, tumbo la ng'ombe wa nne mikononi mwake, limegeuzwa ndani kuwa nje. Hakusikia maumivu. Alisikia joto tu, likipanda kifuani kama la mtu aliyemeza chai kwa haraka, kisha mdomo ukajaa. Akainama. Ikamwagika ndani ya beseni, juu ya matumbo aliyokwisha kuyaosha mara mbili.

Hakuna aliyegeuka. Kwenye kijito kile, chini ya ukuta wa machinjio, damu haikuwa habari. Asubuhi maji yalipita mekundu, mchana yakafifia, alasiri yakarudia rangi ya udongo. Wanawake saba walisimama humo kwa safu, sketi zimefungwa juu ya mapaja, na kila mmoja alikuwa na damu mahali fulani. Bomba la ndani lilikuwa la nyama. Matumbo yalioshwa nje.

Aliyeona ni mwanamke aliyesimama upande wa chini wa mkondo, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Shangazi, ng'ombe gani huyo mwenye damu nyeusi?"

"Si ng'ombe."

Chiriku akaachia njiani habari za shemeji yake alizokuwa akisimulia. Kunyamaza kwake ndiko kulikowashtua wengine.

Walimshika mikono wakampandisha ukingoni, wakamkalisha juu ya gunia. Msimamizi akaja na daftari kwapani, akamtazama Shangazi, akatazama beseni.

"La nani hili?"

"La Shangazi."

"Hayo yaoshwe upya. Hayawezi kwenda sokoni hivyo."

Chiriku akasema atayaosha yeye. Shangazi akakataa. Alikaa mpaka ukungu ukamtoka machoni, akaingia tena majini, akayaosha pole pole, mara tatu, kwa sababu yangeliwa na watu ambao hawakumkosea lolote.

*

Daktari wa zahanati alikuwa msichana wa rika la binti yake. Alimpaka mafuta baridi tumboni, tumbo ambalo kwa mwaka mzima majirani walilipongeza wakidhani Shangazi ananenepa, akapitisha kidude cha mashine huku akitazama kioo. Kisha akakigeuza kioo.

"Unaona hapa, mama?"

Shangazi aliona ini. Hakuhitaji kuonyeshwa. Miaka kumi na tisa maini yalikuwa yamepita mbele yake yakining'inia kwenye ndoano kuelekea meza ya Mkaguzi wa nyama. Alijua ini zima, la rangi moja, linaloteleza, lenye ukingo mkali. Alijua na lile jingine, gumu, lililojikunja, ambalo Mkaguzi akilipasua kisu hulia kama kinapita kwenye mchanga. Hili la kwenye kioo lilikuwa na mistari myeupe iliyotawanyika kila upande kama mizizi.

"Hilo lingetupwa," akasema.

"Nini?"

"Pale kwetu. Mkaguzi angelipaka rangi ya bluu likafukiwe shimoni."

Daktari hakucheka. Akasogeza kidude. "Na hapa ni kongosho. Nalo limeguswa."

Kongosho Shangazi alilijua kwa kulishika tu, si kwa jina. Kile kinyama cheupe kinachojificha nyuma ya tumbo, ambacho walikuwa wakiwatupia mbwa.

"Ni kichocho cha tumbo," daktari akasema. "Minyoo yake si ile ya ng'ombe unayoiona kwenye maini. Hii inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, dume na jike wamekumbatiana, wanataga."

"Wamekumbatiana?"

"Miaka na miaka. Hawaachani."

"Basi wamenishinda. Mimi wangu alikaa miezi minane."

Sasa daktari alicheka kidogo, akajizuia. "Mayai mengine hutoka na choo. Mengine hupotea njia, yakachukuliwa na damu mpaka kwenye ini, mpaka kwenye kongosho, yakakwama. Mwili ukiliona yai unaliona ni adui, unalijengea ukuta. Kila yai na ukuta wake, kama kinundu kidogo. Yai linakufa, ukuta unabaki. Kuta zikizidi damu inakosa pa kupita, inapanda juu, kwenye mishipa ya koo la chakula. Mishipa hiyo haikuumbiwa mzigo huo. Juzi mmoja ulipasuka."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Mambo ya kujengwa pole pole hakuyaona magumu kuelewa.

"Inaingiaje?"

"Kwa ngozi, ukiwa majini. Inatoka kwenye konokono wadogo, nao wanaipata kwenye choo kikifika majini. Mwanzoni kabisa mtu huwashwa miguu."

Shangazi akakumbuka. Pale kijitoni walikuwa na jina lake. Mfanyakazi mpya akijikuna wiki za mwanzo, wenzake humwambia maji yamekusalimia, itikia, nao hucheka mpaka mabeseni yatikisike.

"Choo mnakwenda wapi?" daktari akauliza.

"Kwenye matete. Juu kidogo ya tunapooshea."

"Machinjio nzima hakuna choo?"

"Kipo. Ufunguo uko ofisini."

Daktari aliandika. Akamsimamisha kwenye mti uliochorwa mistari ya rangi, kama wanavyopimwa watoto, akampa vidonge kwa kadiri ya urefu wake, akangoja mpaka avimeze. "Hivi vinaua minyoo. Kuta havizibomoi. Hospitali kuu wana kamera ya kuingiza kooni, wataifunga hiyo mishipa kwa vipira kabla haijapasuka tena. Ikipasuka tena, mama, huenda usiwahi kufika." Akasaini karatasi. "Machinjio ina bima ya maradhi ya kazini. Leta barua ya mwajiri kwamba umeugulia kazini, nao watakupokea wiki hii. Bila barua ni foleni ya kawaida, na foleni ya kawaida sasa hivi ni mwakani."

*

Meneja alitandika gazeti juu ya kiti kabla hajamwambia akae. Sketi ya Shangazi ilikuwa kavu, lakini alikaa juu ya gazeti.

"Pole sana, Shangazi." Hata Meneja alimwita hivyo, wote walimwita hivyo. "Nimesoma karatasi ya daktari. Anasema ni maji."

"Ndivyo alivyosema."

"Sasa hapo ndipo napata taabu." Akafungua faili, akaligeuza kumwelekea. "Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hii? Na hii?"

"Zote zangu."

"Jozi sita za buti za mpira, kila mwaka jozi moja. Maji yamekuingiaje miguuni, nawe una buti?"

Kwa miaka sita sasa, kila mwaka walikuja wageni, watu wa vibali na wanunuzi wa nyama, na kila mwaka, siku moja kabla yao, mtunza stoo alileta jozi saba za buti za njano na karatasi ya kusaini. Wanawake walisaini, wakazivaa kesho yake, wakasimama ukingoni wageni wakipita, na jioni zikarudi stoo, zimejazwa magazeti vidoleni zisipoteze umbo. Waliziita buti za wageni. Chiriku alisema buti zile zitaingia peponi moja kwa moja, maana hazijawahi kukanyaga uchafu wa dunia.

"Hatuzivai," Shangazi akasema.

"Aha. Ulipewa, hukuvaa."

"Tunazirudisha jioni ile ile."

"Imeandikwa wapi kwamba mnazirudisha?"

Shangazi alitazama faili. Palikuwa na saini sita, jina lake limeandikwa kwa herufi za mtoto wa darasa la tatu, zimenyooka. Alizisaini mwenyewe, hakushikwa mkono. Kila mwaka alijua anaandika uongo, na kila mwaka alisema moyoni kwamba ni uongo wa karatasi tu.

Meneja akaita nje, Mkaguzi akaingia. Alikuwa bwana mpole, mwenye koti jeupe na muhuri wa nyama mfukoni, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumpita Shangazi bila kumwamkia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba."

"Bwana Mkaguzi," Meneja akasema, "minyoo ya ini hapa kwetu inapatikana wapi?"

"Kwenye maini, bwana. Ya ng'ombe."

"Si kwenye maji?"

Mkaguzi alimtazama Shangazi, akatazama dirisha. "Mimi kazi yangu inaanzia kwenye nyama."

"Sawa. Shangazi, umewahi kula ini la hapa?"

Angeweza kusema hapana. Kina Chiriku wangesema hapana hata kabla swali halijaisha. Lakini asubuhi ile alikuwa amesali na kuomba kuongozwa, akaona haya kuanza siku kwa kuongozwa na kuimaliza kwa kudanganya. Saini sita zilitosha.

"Nimekula."

"Lililokataliwa?"

"Vipande vizuri vilivyobaki, baada ya kukatwa pabaya. Alinipa yeye. Hutugawia sote, siku za sikukuu."

Meneja akamgeukia Mkaguzi. "Ni kweli?"

Mkaguzi akazungusha muhuri ndani ya mfuko. "Shangazi amechoka, bwana. Mtu akipungukiwa damu huchanganya mambo."

Alisema kwa upole, kama anavyosema siku zote.

Barua ikaletwa, imeshachapwa. Shangazi aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Ilisema mfanyakazi huyu amepata minyoo ya ini kwa kula maini yaliyokataliwa, kinyume cha taratibu, ijapokuwa alipewa vifaa vyote vya kujikinga. Ilisema machinjio inamtakia nafuu ya haraka.

"Daktari amesema hii siyo minyoo ya ng'ombe," akasema. "Amesema haiingii kwa kuliwa."

"Daktari wako ni bingwa wa minyoo ya ng'ombe?"

"Bingwa ni huyu." Akamwonyesha Mkaguzi kwa mkono wote, maana kidole kingekuwa utovu wa adabu.

Mkaguzi hakuinua macho.

"Mimi sikulazimishi," Meneja akasema. "Usiposaini, hakuna barua, tunaandikiana na daktari mpaka tutakapoelewana. Ukisaini, unaondoka nayo sasa hivi. Na beseni lako halitakwenda kwa mtu wa nje. Una binti nyumbani, amekaa tu."

Pale kijitoni beseni lilirithiwa. Mwanamke akishindwa kazi, binti yake au mkwe wake alitangulia kuulizwa, na walikuwepo wanawake waliokuwa wakingoja kwa miaka mtu mwingine ashindwe, huku wakimwombea afya.

Shangazi alifikiri pole pole. Barua ni barua. Huko hospitali watatazama ugonjwa, hawatatazama kosa. Akasaini, kwa herufi zile zile zilizonyooka. Mkaguzi akatoa muhuri wake akaugonga chini, kama shahidi. Ulikuwa na wino ule ule wa zambarau anaopigia mapaja ya ng'ombe.

Mkaguzi alimkuta uani, karibu na shimo la chokaa.

"Shangazi."

"Naam."

"Mgonjwa angekuwa ng'ombe, ningeandika nilichokiona."

"Basi ungeniandika kama ng'ombe, baba."

Mkaguzi aligeukia shimo. Ndani kengele ya mzigo mpya ikalia, naye akaenda.

*

"Usiende," Shangazi alimwambia binti yake.

Binti alikuwa anakunja nguo za watu alizozifua tangu alfajiri, anazipanga juu ya kitanda, kwa kuwa meza hawakuwa nayo. "Kwani wewe uliugua lini? Baada ya miaka kumi na tisa. Mimi nitakaa mwaka mmoja, nikipata cherehani natoka."

"Na mimi nilisema mwaka."

"Wewe ulikuwa na mimi wa kulea. Mimi nina nani?" Kisha akaona amesema vibaya, akainama juu ya shati. "Nina wewe. Ndiyo maana naenda."

"Basi usiingie majini."

"Nitaoshea wapi, Mama? Hewani?"

Shangazi akasogeza nguo pembeni. Akamfundisha namna ya kushika. Usilivute tumbo, liache mkondo ulifungue wenyewe, wewe lishike mdomo tu. Simama mguu mmoja mbele. Beseni liwe upande wa juu. Binti aliitikia kwa makini kama mtoto anayefundishwa sala, na Shangazi akajisikia anafundisha vizuri, na hilo nalo hakujua aliweke wapi.

Ilipofika saa ya kusali alisali kwa muda mrefu. Akamaliza kwa kushukuru kwa ajili ya barua.

*

Karani wa dirishani hospitali kuu aliisoma barua mara mbili. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri, na hakuwa mkali.

"Mama, hii inasema ulikula."

"Ndivyo walivyoandika."

"Fomu ya bima inataka ajali ya kazini au maradhi ya kazini. Kula si kazi."

"Karatasi ya daktari hii hapa. Amesema maji."

"Naiona. Lakini mwajiri amesema kula, na wewe umesaini kwamba ni kula. Mimi siwezi kujua zaidi yako." Akamrudishia. "Nenda wakuandikie nyingine."

"Hawataandika nyingine."

"Basi ni foleni ya kawaida." Akafunua daftari kubwa, akapitisha kalamu kurasa nyingi mbele, akamwandikia kadi. Mwezi wa pili, mwakani, saa mbili asubuhi, usile kitu tangu jioni. "Ukitapika damu kabla ya hapo, usingoje tarehe. Njoo moja kwa moja dharura."

"Ni mwendo wa saa tano mpaka hapa."

"Najua, mama," karani akasema, akamwita aliye nyuma yake.

*

Alipita machinjio kabla ya kwenda nyumbani. Haikuwa njia yake tena, lakini miguu ilikwenda. Lango lilikuwa limepakwa rangi na pale getini magari mawili meupe yaliegeshwa, kwa hiyo akajua ni siku ya wageni. Akazunguka nje, kwenye uzio wa seng'enge juu ya kijito, akashika waya.

Wageni walikuwa wanatoka kutazama shimo la chokaa. Mkaguzi alikuwa anawaeleza jinsi kila ini lililokataliwa linavyoandikiwa cheti chake, namba ya ng'ombe, sababu, tarehe, saini mbili, ndipo lipakwe rangi na kufukiwa kwenye chokaa. Mgeni mmoja aliomba kuviona vyeti. Vikaletwa, faili tatu nene. Akavipekua, akasema kwingine alikopita hajaona utunzaji kama huu.

Wanawake saba walisimama ukingoni kwa safu, aproni safi, buti za njano. Binti yake alikuwa wa tano. Buti zilimzidi kidogo. Zilikuwa zile zile zilizomzidi Shangazi.

"Zinakutosha?" mgeni akamwuliza, akiinama kutazama.

Binti alimtazama msimamizi. "Zinatosha."

"Unazivaa kila siku?"

"Ndiyo."

Mgeni akaandika. Akawapa mkono wote saba, mmoja mmoja, na siku hiyo hata Chiriku hakusema neno. Magari yakaondoka. Vumbi lilikuwa halijatua mtunza stoo alipofika na karatasi yake, na wanawake wakaketi kwenye nyasi kuvuana buti, wakishikana mabega, wakicheka kwa mguu uliogoma kutoka.

Binti alimwona mama yake, akaja mpaka kwenye uzio, peku.

"Wamesemaje?"

"Wamesema mwakani."

"Na barua?"

"Wameisoma."

Binti aliegemea uzio. Akainua mguu mmoja, akasugua shavu la mguu mwingine kwa kisigino, juu na chini, bila mwenyewe kutambua. Ngozi pale ilikuwa na vipele vidogo, vyekundu, vimejipanga mpaka usawa wa goti.

"Hivyo ni nini?"

"Si kitu. Vinawasha tu." Akatabasamu. "Chiriku anasema maji yamenisalimia."

Msimamizi akaita mabeseni. Binti akafunga sketi juu ya mapaja, akashuka, akaweka mguu mmoja mbele kama alivyofundishwa, na beseni upande wa juu. Alikuwa anafanya vizuri. Mtu yeyote angesema amezaliwa na kazi hiyo.

Shangazi alibaki ameshika waya. Lile joto likaanza tena, chini kabisa ya kifua, likapanda. Alifunga mdomo, akasimama bila kutikisika, akalingoja lishuke.

Kule juu, kando ya ukuta, mtunza stoo alikuwa anajaza magazeti kwenye vidole vya buti na kuzihesabu. Zote zilikuwepo, na zote kavu.